Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya: tuachiwe tumwambie mteja anaweza kulipa wapi

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wa Bodi, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, Nairobi.
Nakala kwa wabunge wanaoshughulikia mawasiliano na uchumi wa kidijitali. Kwa Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha. Na kwa wanaosimamia maduka mawili makubwa ya programu za simu, Google Play na App Store ya Apple.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Majengo, Mombasa. Mimi ni mtengenezaji wa programu za simu. Nafanya kazi peke yangu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, na programu inayonilisha ni ya hadithi za Kiswahili kwa watoto. Mtoto akigusa picha anasikia sauti ya nyanya ikiita "Paukwa!" Akiitika "Pakawa!" hadithi inaanza, na maneno yanajitokeza kwenye kioo moja baada ya jingine kadiri yanavyosomwa, hata mtoto ambaye hajajua kusoma anaanza kuyatambua kwa sura. Sauti ya kwanza niliyorekodi ilikuwa ya nyanya yangu mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajafariki. Zilizofuata ni za wasomaji wa Lamu, Vanga na Mji wa Kale, na kila mmoja namlipa kwa hadithi aliyoisoma.

Hadithi kumi ni za bure. Anayezitaka zote hulipa shilingi 100 kwa mwezi, au 1,000 kwa mwaka. Wateja wangu wengi ni kina mama wa hapa hapa Pwani. Wapo pia wanaofanya kazi Ghuba, wanaowalipia watoto waliowaacha kwa nyanya zao.

Ninalo ombi moja kubwa, na nalisema mapema lisije likapotea katikati ya hesabu. Masharti ya maduka ya programu yananikataza kumwambia mteja wangu, ndani ya programu niliyoiunda mimi, kwamba anaweza kunilipa kwa njia nyingine iliyo nafuu. Naomba katazo hilo liondolewe nchini Kenya. Asilimia wanayokata ni nzito na nitaieleza, lakini inaweza kubaki nzito kwa sababu sisi tunaoilipa tumefungwa midomo mbele ya wateja wetu.

Nieleze yaliyonifika. Katika mwaka wa pili wa programu hii, mama mmoja wa Kisauni alinipigia simu. Ana wajukuu watatu na simu moja, na kadi ya benki hajawahi kuwa nayo. "Mwanangu," aliniambia, "mimi pesa yangu iko kwenye M-Pesa. Nipe namba ya till nikulipe, unifungulie hizo hadithi." Nikampa hiyo namba ya kupokelea malipo ya biashara kwa M-Pesa. Shilingi 1,000 zikaingia kabla hatujaagana, nikamfungulia. Nikajua kama yeye ameuliza, wapo kumi walioona haya kuuliza. Basi kwenye ukurasa wa malipo nikaongeza mstari mmoja: "Unaweza pia kulipa kwa M-Pesa," na namba ya till chini yake. Nikatuma toleo jipya.

Siku ya nne programu iliondolewa dukani. Ujumbe ulioletwa ulitaja sera ya malipo bila kusema ni wapi hasa nilipoivunja. Nilikesha siku mbili nikipekua msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, nikidhani ni hitilafu ya kiufundi, maana haikunijia akilini kwamba kosa ni kutaja namba ya till. Nikakata rufaa, jibu lilikuwa maneno yaleyale ya ujumbe wa kwanza. Hatimaye nikauondoa ule mstari kwenye ukurasa, nikatuma tena, nikasubiri. Kutoka siku ya kuondolewa hadi kurudishwa zilipita siku 19. Aliyekuwa nayo kwenye simu aliendelea kuitumia, ila aliyebadilisha simu hakuweza kuipata. Na simu ya yule mama wa Kisauni iliharibika wiki hiyohiyo. Akanipigia: "Mwanangu, hadithi zimenyamaza. Watoto wananiuliza nyanya ameenda wapi."

Nilimwomba radhi, nikamwambia arudi baada ya siku chache. Sikujua namna ya kumweleza mtu wa umri wake kwamba nimeadhibiwa kwa kuandika namba ambayo yeye mwenyewe aliniomba kwa mdomo wake.

Duka lenyewe silitaji. Sharti hili liko kwenye maduka yote mawili, na sitaki barua hii isomwe kama ugomvi wangu na mmoja wao.

Sasa hesabu, kwa sababu ninyi ni watu wa hesabu. Mteja akinilipa shilingi 1,000 kwenye till ya Lipa na M-Pesa, nakatwa asilimia 0.55, yaani shilingi 5 na senti 50. Akinilipa 100 za mwezi sikatwi kitu, kwa kuwa malipo yasiyozidi 200 hayatozwi. Pesa naiona palepale na jioni naweza kumlipa msomaji wangu. Malipo yaleyale yakipita dukani, kati ya shilingi 1,000 zinaondoka 150. Hicho ndicho kiwango cha wadogo, asilimia 15. Kiwango cha kawaida ni 30. Ni kweli kwamba Google Play inapokea M-Pesa hapa Kenya tangu 2018, na kwa wanunuzi ilikuwa hatua njema. Lakini kwa sisi wauzaji, pesa ikipita dukani makato ni yaleyale, itoke kwenye kadi au itoke M-Pesa.

Halafu zile 850 zilizobaki haziji kwangu moja kwa moja. Zinageuzwa dola, zinakaa mpaka mwezi uishe na kiwango cha chini kitimie, zinatumwa kama fedha za kigeni, na benki ya hapa nayo inachukua chake kwa kuzipokea na kuzigeuza tena kuwa shilingi. Kutoka Kisauni hadi Majengo ni matatu moja, unavuka daraja la Nyali umefika. Pesa ya yule mama, ikifuata masharti, inavuka bahari kwenda na kurudi ndipo ifike mtaa wa pili.

Mwaka uliopita nilipata wateja 640 waliolipia mwaka mzima. Makato yao ni shilingi 96,000. Kwa till ingekuwa 3,520. Msomaji mmoja namlipa 4,000 kwa hadithi moja, kwa hiyo katika 96,000 zile kulikuwa na hadithi 24 ambazo hazikurekodiwa. Naweza kuwatajia ni zipi, kwa sababu nilikuwa nimeshazikusanya: nyingi ni za wazee wa Vanga na Shimoni ambao siku zao hazitungojei. Nikisikia makato haya yakiitwa gharama ndogo ya biashara, nawafikiria wale wazee.

Kwa anayetaka kuingia pia kwenye simu za iPhone, kuna ada ya dola 99 kila mwaka, ambayo kwetu ni karibu shilingi 12,800. Ukiuza kwa shilingi 100 na kubakiwa na 85, unahitaji malipo 151 ya mwezi ndipo ujirudishie ada hiyo tu. Google wanatoza dola 25 mara moja, na hilo nawashukuru.

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui, hata walio serikalini, na mimi naliona ndilo linaloonyesha wazi kwamba makato haya hayalipii kazi ya duka. Kamisheni inatozwa kwenye bidhaa za kidijitali peke yake. Kampuni ya teksi inayoita gari kupitia programu haikatwi kwenye nauli. Duka kubwa linalouza unga, televisheni na viatu kupitia programu halikatwi. Wote hao wanapokea M-Pesa au kadi ndani ya programu zao kama wapendavyo, na masharti yanawaruhusu. Sasa chukueni hadithi yangu moja. Nikiichapa kitabu na kukiuza ndani ya programu hii hii, naruhusiwa kuweka namba ya till, na duka halichukui hata ndururu. Nikimuuzia mama yuleyule hadithi ileile ikiwa sauti, till ni marufuku na katika kila 1,000 zinakwenda 150. Kazi ya duka ni moja kwa bidhaa zote mbili: ukaguzi uleule, upakuaji uleule, usalama uleule. Isitoshe, hizo sauti hazihifadhiwi na duka. Ziko kwenye seva ninayoilipia mwenyewe kila mwezi.

Google imewahi kueleza kwamba asilimia 97 ya watengenezaji hawalipi ada yoyote ya huduma, ni asilimia 3 tu wanaolipa, na Apple nayo husema zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yanayopitia programu zake hayakatwi kamisheni. Takwimu hizo hutolewa kama utetezi. Kwangu mimi zinathibitisha malalamiko. Gharama za duka lote, zikiwemo za programu za mabenki na za kampuni za usafiri, zimewekwa juu ya mabega ya kundi dogo ambalo kosa lake ni kwamba bidhaa yake inaishi ndani ya simu: anayetunga mchezo, anayefundisha hisabati, anayetafsiri kamusi, anayesimulia hadithi.

Sisemi duka lisilipwe. Nimefaidika nalo. Bila duka, mama wa Tanga asingejua kwamba nipo, na programu za kitapeli zingekuwa nyingi kuliko zilivyo. Mwenye soko ana haki ya ushuru. Lakini njooni Kongowea alfajiri mtazame soko linavyokwenda. Mwenye meza analipa ushuru wa siku, anapata nafasi yake, na mnunuzi akija anaambiwa: "Leo nina mikungu miwili, ukitaka kumi njoo nyumbani nitakupunguzia." Hakuna askari wa kaunti anayemkamata muuzaji kwa maneno hayo, wala hafungiwi meza siku 19. Laiti duka lingenitoza ada ya meza, hata iwe ya kuumiza kidogo, ningeijumlisha kwenye bei na kuendelea na kazi.

Nitaambiwa pia kwamba milango mingine iko: niuze kwa tovuti, au mteja apakue faili ya programu moja kwa moja nje ya duka. Tovuti ninayo. Tatizo ni kwamba ndani ya programu, mahali pekee mteja anaponiona, siruhusiwi kuitaja. Na kupakua nje ya duka, kwenye Android, simu yenyewe inatoa onyo kali. Silaumu onyo hilo, watu wameibiwa sana kwa njia hiyo. Mama mwenye busara akiona onyo anaacha, na mimi ningemshauri aache. Mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba hata mlango huo utahitaji mtengenezaji ajisajili kwao na kuthibitishwa, kwa kuanzia na nchi nne, zikiwemo Brazil na Indonesia, mwaka 2026, kisha kwingineko duniani kuanzia 2027. Kwenye iPhone mlango huo kwetu haujawahi kuwepo.

Waheshimiwa, asilimia 30 haikutokana na hesabu ya gharama za leo. Duka la Apple lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500, na kiwango kilikuwa 30. Google walipofungua lao mwaka huohuo, wakaja na 30. Miaka 12 ikapita. Mashine ziliteremka bei, intaneti ikaenea mpaka vijijini, programu zikawa mamilioni, na 30 ikabaki ndiyo kiwango cha kawaida. Kilichoitikisa ni kesi. Agosti 2020 Epic Games, kampuni inayotengeneza michezo ya kompyuta na simu, ilizishtaki Apple na Google; Novemba mwaka huohuo Apple ikatangaza asilimia 15 kwa wanaopata chini ya dola milioni 1 kwa mwaka, ikaanza Januari 2021; Google ikafuata Julai 2021. Mimi nimeipata nafuu hiyo na nashukuru. Ila hapakuwa na mtu wa Kenya mezani ilipopangwa, na aliyeitoa kwa hiari yake anaweza kuiondoa kwa hiari yake.

Wenzetu wa nchi nyingine wameshapita njia ninayowaomba muipite, na walipojikwaa panaonekana. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu ndipo sheria nzuri inapoharibikia.

Korea Kusini ilikuwa ya kwanza. Agosti 2021 bunge lake lilipitisha sheria inayozuia maduka kumlazimisha mtengenezaji kutumia mfumo wao wa malipo. Maduka yakakubali, yakaruhusu malipo mengine, kisha yakaendelea kutoza kamisheni juu ya malipo hayo ambayo hayakupita kwao, yakiwa yamepunguza alama nne tu. Aliyekuwa analipa 30 akawa analipa 26, na juu yake akamlipa mwenye mfumo mpya wa malipo. Ukijumlisha, umerudi ulikotoka. Uholanzi, mamlaka ya ushindani iliipiga Apple faini ya euro milioni 5 kila wiki mpaka zikafika milioni 50, mwaka 2022, kwa ajili ya programu za kutafuta wachumba. Mwisho wake malipo ya nje yakaruhusiwa, na ada ikawa 27. Marekani, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliamuru mwaka 2021 kwamba Apple isiwazuie watengenezaji kuelekeza wateja kwenye malipo ya nje. Mahakama ya Juu ilipokataa kulisikiliza shauri hilo Januari 2024 na amri ikaanza kufanya kazi, Apple iliweka 27 juu ya mauzo yanayotokana na linki za kwenda kwenye malipo hayo ya nje. Aprili 2025 jaji huyohuyo alikuta kwamba kampuni ilikuwa imeivunja amri yake kwa makusudi.

Mahali patatu, na mara zote tatu ada ya malipo ya nje ilikuwa 26 au 27. Ikiwa Kenya itaandika "malipo ya nje yaruhusiwe" ikaishia hapo, najua barua gani itanifikia wiki inayofuata, na itataja namba gani.

Ulaya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya Masoko ya Kidijitali ilianza kuzibana kampuni hizi Machi 2024, na Aprili 2025 Tume ya Ulaya ikaitoza Apple euro milioni 500 kwa jambo hili hili ninalowaandikia: kuwazuia watengenezaji kuwaambia wateja kuhusu bei nafuu zilizo nje ya duka. Na tusione kwamba ni mambo ya matajiri. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilipohitimisha uchunguzi wake wa majukwaa ya mtandaoni Julai 2023, iliyagusa maduka ya programu, na ikataka watengenezaji waachwe waelekeze wateja kwenye malipo ya tovuti zao. Nchi ya Afrika, yenye sheria ya ushindani isiyo mbali na yetu, imeshaliona tatizo kwa jina.

Lakini sababu ya kuwaandikia ninyi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, haiko Afrika Kusini. Iko kwenye majalada yenu.

Mwaka 2014 mawakala wa M-Pesa walikuwa wamefungwa na mkataba wa kutomhudumia mtoa huduma mwingine. Kampuni ya simu ya Airtel ililalamika, mkaingilia, na Julai mwaka huo kipengele hicho kikaondolewa. Wakati ule yalisemwa maneno tunayoyasikia leo: kwamba aliyejenga mtandao ana haki ya kuufunga. M-Pesa haikuharibika. Leo duka la wakala hapa mtaani kwetu lina mabango ya rangi zaidi ya moja, na mwenye duka anachagua.

Mwishoni mwa 2016 mlifanya jingine, dogo kwa umbo na kubwa kwa maana. Mliagiza benki na kampuni za simu zimwonyeshe mteja gharama ya muamala kabla hajathibitisha. Mpaka hapo mtu alikuwa anabonyeza, kisha anajua alichokatwa. Mama yangu aliutambua mwaka huo kwa jambo hilo moja. Alianza kusoma kiasi kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri, na hadi leo anasoma. Mlichosema wakati ule ni kwamba mwenye pesa ana haki ya kujua pesa yake inakwenda wapi kabla haijaenda. Yule mama wa Kisauni akilipa shilingi 1,000 kwa hadithi za wajukuu, hakuna mahali popote kwenye kioo panapomwambia kwamba 150 hazimfikii msimulizi, na mimi ninayejua nimekatazwa kumwambia.

Sheria mnayo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinawapa uwezo wa kuchunguza sekta nzima bila kungoja mlalamikaji mmoja ajitoe mhanga. Kifungu cha 24 kinakataza mwenye nguvu sokoni kutumia vibaya nafasi yake, ikiwemo kumfunga mwenzake na masharti ya ziada yasiyohusiana na kiini cha mkataba. Mkataba wangu na duka kiini chake ni kuisambaza programu. Kunizuia kutaja namba ya till naliona ni sharti la ziada, na ninyi ndio wenye mamlaka ya kusema kama naona sawa.

Basi naomba mfungue uchunguzi wa maduka ya programu nchini, na mtusikilize sisi wadogo bila kututaka tuje na mawakili. Wengi wetu hatutalalamika kwa jina. Anayemlalamikia duka leo ndiye anayehitaji toleo lake lipitishwe kesho, na hofu hiyo peke yake inastahili kuandikwa kwenye ripoti yenu. Mkimaliza, naomba mtoe agizo kwamba mtengenezaji asizuiwe kumwambia mteja wa Kenya, ndani ya programu, bei na njia nyingine ya kulipa, wala kuweka kitufe cha M-Pesa au Airtel Money kando ya kile cha duka. Mseme wazi kwamba malipo yasiyopita dukani hayatozwi kamisheni. Na kama duka linadai kuna gharama halisi iliyobaki, lilete hesabu yake kwenu, lithibitishe, mkubali ninyi. Bila maneno hayo tutaletewa 27. Na programu ikiondolewa kwa sababu ya malipo, mwenyewe aambiwe ni mstari gani na ajibiwe na mtu, ndani ya siku chache zinazojulikana.

Kwa Mamlaka iliyo Arusha: wateja wangu hawaishii Lungalunga mpakani. Hadithi ya Kiswahili inasikilizwa Tanga, Pemba na Bujumbura bila mkalimani, na watengenezaji wa huko wako chini ya mikataba hii hii, neno kwa neno. Agizo la nchi moja litatusaidia sisi; la Jumuiya litawafikia nao.

Kwa wanaosimamia maduka: hamhitaji kungoja agizo. Mmeshaandika msimbo unaoruhusu mambo haya kwingine duniani. Kuiongeza Kenya kwenye orodha ya nchi ni uamuzi, na kama mnaamini mfumo wenu wa malipo ni bora na salama zaidi, wekeni kitufe chenu kando ya cha M-Pesa, mama wa Kisauni achague.

Niko tayari kuja Nairobi siku yoyote mtakayoniita, na nitaleta taarifa zangu za malipo, barua nilizoandikiwa wakati wa zile siku 19, na orodha ya hadithi 24. Simu yangu mnayo kwenye nakala niliyowatumia kwa posta.

Ule mstari wa M-Pesa niliutoa kwenye kioo, lakini kwenye msimbo haukufutika. Uko palepale, umezimwa, na namba ya till chini yake. Mkitoa agizo asubuhi, adhuhuri utakuwa umewaka.

Wenu,
Mtengenezaji wa programu,
Majengo, Mombasa